Maua ya Zambarau Ndani ya Nyota

Gundi ya muhogo ina harufu yake. Unga ukiukoroga kwenye maji ya moto, kabla haujaiva, hunuka kama nguo iliyokaukia ndani ya nyumba; ukiiva hunuka karibu kama chakula, na mtoto mwenye njaa anaweza kuilamba. Mimi niliilamba sana. Majuzi, tukiwa tunangoja mwili wa Papa utoke hospitali, kina mama wa shirika letu hapa Beni, yaani familia za mtaa mmoja zinazosali pamoja, walibandika sufuria ndogo nyuma ya nyumba. Walitaka tutengeneze maua ya karatasi ya kuweka juu ya sanduku. Harufu iliponifikia nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nililiweka chini, nikaketi papo hapo kwenye udongo, nikalia kwa sauti. Wote walidhani namlilia baba. Kweli nilikuwa namlilia baba, ila si kwa sababu waliyoifikiria.

Nilikuwa na miaka saba na tulikaa Butembo. Papa alikuwa mtu wa serikali, aliyetumwa kutoka Kisangani kabla ya vita. Kazi yake ilikuwa kutunza vitabu vya viwanja, vile vikubwa vya jalada gumu vilivyoonyesha kila kiwanja, au parcelle kama tunavyosema, ni cha nani. Vita vilipofika, wakubwa walibadilika, wakaja wengine na bunduki, mshahara ukakoma. Papa hakukoma. Kila asubuhi alivaa koti lake la kahawia, akaenda bureau, yaani ofisini, kana kwamba Kinshasa nzima ilikuwa inamngoja huko. Mama aliuza unga wa muhogo mbele ya nyumba, na huo ndio uliotulisha. Dada yangu Mado, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa wa kwanza darasani na aliimba kwenye kwaya. Mimi nilikuwa nimeanza tu shule wakati askari walipohamia madarasani na kulala humo, kwa hiyo nilijua herufi zile kubwa ambazo mwalimu alichora ubaoni, basi. Maandishi ya mkono yaliyoshikana kwangu yalikuwa njia za siafu.

Jirani yetu alikuwa Mama Kahindo, na binti yake Kahindo alikuwa rafiki yangu, wa kugawana naye hata muwa uliokwisha kutafunwa. Baba yake Kahindo, Paluku, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Alikuwa mpasuaji mbao, na nyumba yao aliijenga kwa mbao alizozipasua mwenyewe, juu ya kiwanja kizuri kando ya barabara kubwa, ile inayopandisha malori kutoka Kanyabayonga. Msumeno uliwahi kumkata kidole gumba, ukamwachia kovu lililokigawa katikati, toka juu hadi chini. Alikuwa anatukimbiza nacho uani akisema ana vidole gumba viwili kwenye mkono mmoja, na sisi tulikimbia tukipiga kelele ingawa tulikuwa tumekwisha kukiona mara mia.

Msimu ule watu walikuja kupima kiwanja chao kwa kamba. Ilisemekana kuna kamanda anayesema ni chake, amekinunua. Nilimsikia Mama Kahindo mlangoni kwetu, amesimama bila kukubali kukaa.

"Papa Mado, wewe njo unachungaka mabuku. Fungua tu, waone jina ya bwana yangu. Alitiaka kidole mule, miye nilikuwa pale."

"Mama Kahindo, miye nitafanya nini?" Papa akamjibu. "Ile buku ya avenue yenu ilipotea. Balipora bureau, mulijua wote."

"Tafuta tena. Tafuta muzuri, Papa Mado."

"Nitatafuta, Mama."

Nilimwamini. Hata nilimhurumia Papa, kwa kuwa na kitabu kilichopotea na jirani wa kumsumbua.

Noeli ilikuwa inakaribia, na paroko alitangaza kila shirika lilete mapambo yake kanisani. Mwaka ule hapakuwa na karatasi za rangi mjini. Maduka yalikuwa yameporwa na kilichobaki kilikuwa kitenge na chumvi. Kina mama waliketi kwetu wakalalamika, mmoja akasema tupeleke majani ya migomba tu na Mungu atatuelewa. Papa alikuwa anasoma kitu pembeni. Akainua kichwa.

"Musisumbuke. Karatasi ziko, ma-papier ya zamani. Nitafanya na mutoto yangu huyu." Akanishika kichwa. "Huyu mukono yake iko na akili. Huyu ni fundi."

Mado alikuwepo. Mado aliyekuwa anachora vizuri kuliko mimi, anayekata kitambaa bila kupinda. Mimi ndiye niliyechaguliwa. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena maishani, na ninasema hivi nikiwa na watoto watatu.

Jumamosi ofisi ilikuwa tupu. Papa alinipeleka chumba cha nyuma, na hapo ndipo nilipoiona mashine. Meza ya chuma, mipimo imechorwa juu yake, na pembeni kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, kimefungwa upande mmoja kwa bolti, upande wa pili kina mpini wa mbao uliong'aa kwa viganja. "Inaitwa massicot," Papa akasema, akaipaka mafuta kidogo kwenye kiungo. Alichukua kitabu kikubwa, akakiweka, akabana, akateremsha mpini kwa uzito wake wote. Mgongo wa kitabu ukaanguka upande mmoja, kurasa zikabaki huru. Mlio ule, grrap, niliupenda mara moja.

Zamu yangu ilipofika alisimama nyuma yangu, mikono yake juu ya yangu.

"Polepole, Fundi. Vidole mbali na kisu. Haya, shusha!"

Tulikata miraba ya vipimo vitatu: mikubwa kama sahani, ya kati kama kiganja, na midogo kama kiberiti. Papa alinionyesha namna ya kupanga. Unachukua miraba miwili mikubwa, unageuza mmoja ili pembe zake zitokee katikati ya pembe za mwenzake, unapata nyota yenye ncha nane. Juu yake miwili ya kati, nayo imekunjwa mara nne na kukatwa vitundu kwa mkasi. Juu kabisa mraba mdogo mmoja, kama kitovu. Nyota ikawa nene, yenye tabaka tano, na ukiipuliza ilitikisika. Rangi tulipewa na muuguzi rafiki wa Mama: bluu ile ya kupaka vidonda vya mdomoni na dawa nyekundu ya michubuko. Mama aliileta gundi ndani ya kopo, bado moto.

Sheria ilikuwa moja tu, na Papa aliirudia mpaka nikaiimba.

"Upande wa maandiko uende chini. Kila moja chini. Juu ni rangi tu."

Chini ya kurasa nyingi kulikuwa na alama za zambarau, za mviringo, zenye mistari myembamba iliyozunguka. Nilizipenda kuliko rangi zetu zote. Mashine iliziacha nzima kwenye ile miraba midogo, nami nikaanza kuziweka kando.

"Papa, ii maua iko muzuri. Tuiweke juu!"

"Maua gani?"

Nikamwonyesha. Alitazama muda kidogo, kisha akacheka, akainama mpaka uso wake ukafika kwenye wangu.

"Aa, ii maua ni ya ndani, Fundi. Rangi ya juu kila mutu ataiona. Maua ya ndani ni yetu siye babili."

Nilielewa kabisa, au nilidhani nimeelewa. Ndani ya kila nyota kuna ua limefichwa, wala hakuna atakayejua kanisa zima, ila mimi na baba yangu. Jumamosi tatu tulifanya hivyo. Nilibandika maua yale kifudifudi kwa uangalifu wote, nikayabonyeza kwa kidole gumba changu mwenyewe mpaka gundi itokeze pembeni, kisha nikalamba.

Siri ya namna ile inamzidi mtoto wa miaka saba. Nilimwambia Kahindo. Tulikuwa tunapanga nyota kwenye kamba, nikamwita nyuma ya jiko na kumweleza kwamba ndani ya kila moja kuna ua la zambarau, kwamba nalikata mimi mwenyewe kwa mashine ya bureau. Kahindo alinitazama kwa wivu mtupu, nami nikauonja ule wivu kwa raha.

Siku ya Noeli kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje, kwenye ukungu. Nyota zetu arobaini zilining'inia kutoka nguzo hadi nguzo juu ya pango la Mtoto Yesu. Mashirika mengine yalileta migomba na maua ya mwituni. Paroko aliwataja watu wa shirika letu mimbarini, watu wakapiga vigelegele, na Papa akaniinua begani ili wanione. Mama Kahindo alikuwa mstari wa mbele kwenye vigelegele. Nyota moja ilikuwa inacheza juu ya kichwa chake.

Papa alifikiria kila kitu. Leo ninaliona hilo waziwazi na linanikera. Karatasi ukiichoma bureau, watu wanauona moshi. Ukiipeleka sokoni, inafungiwa karanga, na kila anayekula karanga anasoma. Lakini pambo la kanisani nani atalibandua? Na sherehe zikiisha, parokia yenyewe hukusanya mapambo makavu na kuyachoma pamoja na matawi ya zamani. Kitu kimoja tu hakukifikiria, kwa sababu hakuwahi kupika gundi. Mende wanapenda muhogo.

Walianza kuila gundi mara tu baada ya sikukuu. Nyota zikalegea. Jumamosi moja ilikuwa zamu ya shirika letu kufagia kanisa. Mama Kahindo na binti yake walikuwa upande wa pango. Mimi sikuwepo, lakini Kahindo alinisimulia mlangoni kwetu, kwa pumzi moja, akiwa bado anadhani ni habari njema. Kiraba kidogo cha bluu kilianguka kikageuka. Mama yake akakiokota akitupe. Hakukitupa. Kahindo akasema, "Mama, ii njo ile maua! Ile ya siri!" Na mama yake, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, akakisogeza dirishani akakisoma.

Ilikuwa saa sita mchana, Papa anakula. Mama Kahindo aliingia na binti yake, na safari hii akaketi. Alifungua ncha ya kitenge chake, akaweka kiraba juu ya meza, zambarau juu. Ua lile lilikuwa na mstari mweupe uliolipasua katikati, toka juu hadi chini. Nilikuwa nimelibandika mimi. Nilikumbuka hata kulichagua kwa sababu ya ule mstari.

"Ii ni kidole ya bwana yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. "Miye hapana juwa kusoma, Papa Mado. Lakini ii mukono nililala nayo miaka kumi na ine."

Papa akafuta vidole vyake vizuri, kimoja kimoja.

"Mama, batu banatiaka kidole kila pahali. Ku ma-reçu ya malipo, ku mission, kila pahali."

Mama Kahindo aligeuka kwangu. Alinivuta mkono mpaka nikasimama kati ya magoti yake, kama alivyofanya akinisuka.

"Mutoto yangu, usiogope. Ii makaratasi mulikataka wapi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kusema, kwa sababu nilijivunia. Massicot, chumba cha nyuma, kitabu kikubwa, vyote vilikuwa kwenye ulimi. Lakini Papa akawahi.

"Fundi," akasema, na akatabasamu, tabasamu lile lile la siye babili. "Si mulitoaka ku soko, kwa mama wa karanga?"

Nilitazama uso wake. Sikujua nyuma ya swali lile kuna nini. Nilijua tu kwamba ananiomba kitu, mimi, si Mado. Kahindo, nyuma ya mama yake, alikuwa ameacha kutabasamu.

"Njo," nikasema, yaani ndiyo. "Ku soko. Kwa mama wa karanga."

"Wewe uliniambia ku bureau!" Kahindo akapiga kelele. "Uliniambia na mashini!"

"Nilikudanganya," nikasema.

Mama Kahindo alibaki amenishika muda fulani. Kisha akaniachia, akakikunja kiraba kwenye ncha ya kitenge na kufunga fundo. "Wasingya," akaniambia, yaani asante, kwa Kinande, kama unavyomwambia mtoto aliyekuletea maji. Wakatoka.

Kesho yake, baada ya Misa ya kwanza, Papa alimwambia paroko kwamba mende wataharibu kanisa, akanituma nikateremshe nyota zote. Niliziteremsha. Tulizichoma kwenye mbabula, jiko la mkaa, uani, mchana kweupe, Mama akiwa kando yake anataka kupika na akilalamika moshi. Gundi ilipopata moto tabaka ziliachana zenyewe, na kwa muda mfupi nikayaona maua yote yamefunguka, kisha yakajikunja.

Kiraba cha Mama Kahindo hakikumsaidia kitu. Alikwenda nacho kila ofisi, wakamwambia kidole bila jina na bila namba si ushahidi. Jina na namba vilikuwa kwenye miraba mingine, majivu. Kabla ya Pasaka askari walishusha matofali mbele ya nyumba yao, na mbao za Paluku zikang'olewa moja moja; nyingine walizipikia. Mama Kahindo alikuwa na kaka huko kijijini Manguredjipa, aliyekuwa anachimba dhahabu. Siku waliyoondoka kwenda kwake, Kahindo alipita mbele yetu na godoro kichwani. Nilikuwa nimeketi kizingitini. Nilimwita. Alitazama barabara tu. Mwaka huohuo Papa akapata cheo Beni, nyumba ya bati jipya kwenye komini ya Ruwenzori, na humo ndimo tulimokulia.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilielewa, kidogo kidogo, kama mtu anayepata homa. Sikumuuliza. Sijui hata leo kama kamanda yule alimtisha au alimzawadia, na kwa kweli ningeweza kumsamehe yote mawili. Vita vilikuwa vita, na alikuwa na watoto. Jambo moja nililishika, sikumnyang'anya: kwamba angalau alinichagua. Katika uchafu wake wote, alitazama watoto wake akaona mikono yangu ina akili. Nimeishi kwa mikono hiyo. Nashona nguo za harusi, na kila mteja anaposifu, ni sauti yake ninayoisikia.

Basi majuzi, kwenye matanga, nilipoacha kulia, Mado alikuja akaketi nami kwenye udongo. Wamama walikuwa wameniletea mkasi, gundi na rundo la karatasi za zamani kutoka sanduku la vitu vya Papa, kwa sababu kila mtu anajua mimi ndiye fundi. Nikamwambia Mado sababu ya kilio changu. Kwa mara ya kwanza nikamwambia yote, na mwishoni nikasema angalau alinichagua mimi.

Mado akausogeza mkasi kando.

"Alianza na miye," akasema. "Hukujua? Alinipeleka ku bureau mbele ya kukupeleka wewe. Akafungua ile buku, akasema, Mado, somea Papa hapa. Nikasoma. Paluku, mpasuaji wa mbao, parcelle ya ku barabara kubwa. Sikukwama hata pahali moja, nilifikiri atafurahi. Akafunga buku. Akasema, wewe utaenda tu kuimba ku chorale. Kisha akaniuliza, mudogo yako anajua kusoma? Nikamujibu, bado, Papa, hata kidogo."

Nilimtazama.

"Na ile siku Mama Kahindo alikuja?"

"Nilikuwa mu chambre ya kulala," Mado akasema. "Nilisikia yote. Sikutoka."

Kwa hiyo haikuwa mikono. Miaka yote hii haikuwa mikono. Aliona mtoto asiyejua kusoma, basi, akambandika kifudifudi pamoja na viraba.

Nilikata maua kwa sababu wamama walikuwa wanangoja. Nilikata miraba ya vipimo vitatu, nikaipanga kama nilivyofundishwa, ncha nane. Mama mmoja wa shirika, mwema kabisa, akaniambia, "Geuza, mama, maandiko iende chini." Nikageuza zote. Ilipobaki ile ndogo ya juu, ya kitovu, nikaomba kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa za ubaoni, zile nilizozijua nikiwa na miaka saba: PALUKU. Nikaibandika maandishi yakiwa juu, nikaibonyeza kwa kidole gumba. Mwili ulipofika mimi ndiye niliyeweka nyota ile juu ya sanduku, kifuani.

Yule mama akainama, akasoma kwa sauti. Watu wakageuka.

"Paluku njo nani?" akauliza.

"Njo mwenye parcelle," nikasema.